Rutuba Iliyobaki Nyuma ya Mashine

Ukitoka Beni kwenda Mangina, au ukishika njia ya Mavivi kuelekea Mbau na Oicha, mashine ya kukamulia mawese hujitambulisha kwa moshi kabla hujaiona. Wanaosimama pale hutazama mbele: mapipa yanayotokota, mafuta mekundu yanayotiririka, mabidoni yaliyopangwa yakingoja mfanyabiashara wa Butembo. Mimi nakuomba uzunguke nyuma. Utakuta lundo la mikungu iliyokwisha kupukutishwa ngazi zake, limeoza chini na kukauka juu, na kando yake mfereji wa maji meusi yenye mafuta unateremka taratibu hadi kijitoni. Lundo hilo ndilo shamba lako. Limeletwa pale kichwani, kwa baiskeli na kwa pikipiki, mkungu baada ya mkungu, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyelirudisha.

Wakulima wengi wa michikichi, au mingazi kama wazee wetu wanavyoiita, huniambia neno lile lile: ardhi imechoka. Baba alikuwa akikata mikungu mikubwa, leo mti ule ule unatoa mkungu wa kushikwa kwa mkono mmoja. Nakubaliana nao kwamba ardhi imepungukiwa. Ninachotaka tuelewane kwanza ni jinsi ilivyopungukiwa, maana dawa yake inatokana na hapo.

Mafuta ya mawese, yakiwa safi, yametengenezwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni. Vitu hivyo mti huvichukua hewani na kwenye maji ya mvua, kwa nguvu ya jua. Bidoni la lita 20 linapopanda kwenda Butembo, ile njia ya kilomita 54, karibu halijabeba chochote cha udongo wako. Umeuza jua na mvua, na hivyo kesho vipo tena. Kilichotoka udongoni kiko kwingine: kwenye mkungu mtupu, kwenye nyuzinyuzi, kwenye kokwa, na kwenye yale maji meusi ya mfereji. Kwa hiyo mkulima wa mawese ana bahati ambayo mkulima wa mihogo hana. Anayeuza mihogo anauza na potasiamu ya shamba lake ndani ya gunia. Anayeuza mafuta angeweza kuuza miaka 50 bila kulimaliza shamba, laiti angerudisha kinachobaki.

Tupige hesabu, kwa kuwa hesabu huondoa ubishi. Vipimo vilivyofanywa Malaysia katika miaka ya 1960, na ambavyo wataalamu wanavitumia hadi leo, vinaonyesha kwamba tani moja ya mikungu mibichi huondoka shambani na karibu kilo 3 za naitrojeni, chini kidogo ya nusu kilo ya fosforasi, kilo 3.7 za potasiamu na robo tatu ya kilo ya magnesiamu. Chukua hekta moja ya mkulima mdogo inayotoa tani 4 kwa mwaka, yaani shamba dhaifu. Inapoteza karibu kilo 15 za potasiamu kila mwaka. Kwa miaka 20 ni kilo 300, sawa na magunia 12 ya kilo 50 ya mbolea ya kloridi ya potasiamu. Hakuna hata mmoja wetu aliyenunua magunia hayo 12. Sasa angalia lundo: mkungu mtupu ni kama sehemu moja ya tano ya uzito wa mkungu mzima, au zaidi kidogo. Tani 4 zinakuachia karibu kilo 900 za mikungu mitupu, na ndani yake kuna kilo 8 au zaidi za potasiamu. Zaidi ya nusu ya hasara yote ya potasiamu imelala nyuma ya mashine, ya bure, inaoza na kuliwa na mvua.

Udongo wetu mwingi katika eneo la Beni ni ule mwekundu au wa manjano, wa zamani sana, uliooshwa na mvua kwa maelfu ya miaka. Mfinyanzi wake hauna nguvu ya kushika chakula cha mimea. Ukimwagia mbolea ya dukani peke yake juu ya udongo mtupu, mvua kubwa mbili zinaiteremsha chini kusikofikiwa na mizizi. Kinachoshika chakula katika udongo wa namna hii ni mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyooza. Ndiyo maana shamba lililokatwa msituni lilizaa vizuri kwa miaka michache kisha likanyamaza: lilikuwa linakula akiba ya msitu. Wengine wanajibu tatizo hilo kwa kusogea mbele na kukata msitu mwingine kuelekea Ituri. Nasema wazi kwamba hilo nalipinga. Hekta moja iliyotunzwa inaweza kumpa mtu mafuta mengi kuliko hekta mbili zilizoachwa.

Lakini kabla hujaanza kubeba mikungu, uulize kama kosa ni la udongo kweli. Nimeona watu wakitupa samadi nzuri kwenye miti ambayo hata kwa mbolea ya dunia nzima isingezaa.

Kwanza baridi. Mchikichi unapenda joto la wastani wa nyuzi 24 hadi 28. Butembo iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mtu anayepanda mchikichi huko anapanda mti wa kupamba ua. Beni imepita mita 1,000, iko ukingoni. Kadiri unavyoshuka kuelekea bonde la Semuliki, mti unajisikia nyumbani. Ukingoni si mahali pabaya. Kisiwa cha Bugala, wilaya ya Kalangala nchini Uganda, kiko katika Ziwa Victoria, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na huko michikichi ilipandwa miaka ya 2000, na leo wakulima wadogo wanaivuna na kuuza mikungu kiwandani. Mimi nimejifunza mambo mawili kutoka Kalangala. La kwanza, mbolea haikuongezwa baadaye miti iliposhindwa. Mkulima alikopeshwa mbolea pamoja na miche tangu mwanzo, akakatwa deni kwenye malipo ya mikungu. La pili ni la kuepuka: msitu mwingi wa visiwa ulifyekwa ili kupanda, na wenyeji wengi walilalamika. Tuchukue la kwanza, la pili tuliache huko huko. Ila ujue kwamba mahali penye ubaridi, ngazi huchelewa kuiva na mikungu mingine hushindwa njiani. Kama shamba lako liko juu ya mita 1,300 hivi, pesa yako ipeleke kwenye kahawa au maharage.

Pili, mbegu. Chukua ngazi moja iliyoiva, ilaze juu ya kipande cha ubao, ikate katikati kwa panga kali. Ukiona kokwa lenye ganda nene na nyama nyembamba juu yake, hiyo ni dura, mti wa mababu. Ukiona ganda jembamba, na kulizunguka pete ya vidoa vyeusi vya nyuzi ndani ya nyama nene, hiyo ni tenera. Ni hapa hapa Congo, katika kituo cha Yangambi, ambako siri hiyo ilifumbuliwa: mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walichapisha matokeo yao kwamba dura ikizalishwa na pisifera, ile isiyo na ganda, watoto wote ni tenera. Dunia nzima ya mawese inaishi kwa ugunduzi uliofanyika nchini mwetu. Lakini ukiokota ngazi chini ya tenera yako na kuipanda, watoto hawatafanana na mama: ikiwa baba naye ni tenera, robo watakuwa dura, robo pisifera ambao wengi hawazai kitu, na nusu tu tenera. Basi kama shamba lako ni dura za miaka 40 ambazo mkataji anaogopa kuzipanda, kurutubisha kutaongeza mikungu, lakini hakutabadili unene wa ganda. Heri uanze kuzibadilisha kidogo kidogo, na rutuba nzuri uiweke kwa miche mipya.

Tatu, ugonjwa. Kuna ugonjwa wa kuvu unaoitwa fuzariozi, unaokaa ndani ya udongo na kuziba mishipa ya mti. Makuti ya chini hukauka, huvunjika katikati ya uti na kuning'inia kando ya shina kama mwavuli uliofungwa. Ukikata shina la mti uliokufa unaona nyuzi za kahawia ndani. Mti huo hauna njaa, ni mgonjwa. Usihamishe udongo wala mabaki yake kwenda sehemu nyingine ya shamba.

Ukishatoa hayo matatu, sasa soma majani. Mchikichi ni mti mwema, unasema unachokosa kwa mtu anayejua kutazama, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kipimo cha maabara ni ghali na macho ni ya bure.

Mti wote ukiwa na rangi ya kijani kilichopauka, hasa pale palipojaa manyasi makali, unalia naitrojeni. Makuti ya zamani, yale ya chini, yakiwa na madoa ya rangi ya chungwa, na ukilinyanyua jani kulielekeza juani mwanga unapita kwenye madoa hayo, hiyo ni njaa ya potasiamu, na ndiyo inayotarajiwa zaidi katika shamba lililovunwa miaka mingi bila kurudishiwa kitu. Makuti ya chini yakigeuka chungwa au manjano ya kung'aa kwa upana, fanya jaribio hili: tafuta mahali ambapo jani moja limefunikwa na jingine. Kama sehemu iliyokuwa kivulini imebaki kijani na ile iliyopigwa jua ndiyo iliyogeuka, mti unakosa magnesiamu. Majani machanga ya juu yakitoka yamekunjamana, mafupi, au na ncha iliyopinda kama ndoana, ni boroni. Fosforasi ndiyo iliyo kimya: majani hayabadiliki rangi waziwazi, lakini shina linaanza nene chini na kuchongoka kwenda juu, makuti yanakuwa mafupi, na hata kunde zilizopandwa katikati zinadumaa.

Usichanganye njaa ya mti na tabia ya mwenye mti. Mti uliokatwa makuti mengi mno ili maharage yapate jua utapauka na kupunguza mikungu hata kama udongo ni mzuri, kwa sababu jani ndilo jiko la mafuta. Mti uliokomaa uachie makuti 32 hadi 40. Kata yale yaliyokauka na yale yanayozuia kuvuna, yaliyobaki yaache.

Sasa turudi kwenye lundo.

Njia bora ni kurudisha mkungu mtupu wenyewe shambani na kuutandaza. Siyo kurundika. Tandaza tabaka moja tu, mkungu kando ya mkungu, kwa kuwa ndani ya lundo nene mbawakawa wenye pembe hutaga mayai, kisha hupanda kutoboa moyo wa mti. Kwa mche mchanga, zungushia pete, lakini acha nafasi ya mkono mmoja kati ya mikungu na shina. Kwa mti mkubwa, weka kuanzia ukingo wa duara unalopalilia kwenda nje, maana mizizi midogo inayokula iko katika sentimita 30 za juu, na inafuata unyevu na mboji. Baada ya miezi michache funua kidogo: utaikuta mizizi myeupe imepanda kuingia ndani ya mkungu uliooza, inakula.

Kilo 900 ukizigawa kwa miti 143 ya hekta moja, kila mti unapata kilo 6, na hizo ni chache mno, hazitaonekana. Mimi nashauri usigawe sawa. Mwaka huu chagua miti 35 au 40, ipe kilo 20 na zaidi kila mmoja. Mwakani uhamie sehemu nyingine. Anza na miti inayoelekea kuzaa, ile iliyo na umri wa miaka 4 hadi 15, halafu iliyo karibu na njia.

Neno hilo la karibu na njia lina uzito wake kwetu. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewatoa watu wengi wa eneo la Beni katika mashamba yao, na hadi leo kuna mashamba ambayo mwenye nayo huyafikia kwa saa chache tu, akisikiliza kila sauti, au hayafikii kabisa. Simwambii mtu yeyote aende kutandaza mikungu mahali ambapo jirani ameshauri asiende. Hakuna mkungu wenye thamani ya mtu. Lakini anayeingia shambani kwa muda mfupi anahitaji ushauri unaolingana na muda huo, na hapo ndipo majivu yanapofaa.

Mikungu mitupu ya tani 4 za mavuno, ikichomwa, inaacha kama kilo 20 tu za majivu. Pikipiki moja inayabeba pamoja na mtu. Katika kilo 20 hizo, potasiamu nyingi ya mkungu imo; majivu ya mkungu wa mchikichi ni kati ya majivu yenye potasiamu nyingi kuliko yote tunayoyajua, mara nyingi theluthi ya uzito wake ikihesabiwa kama wanavyohesabu kwenye magunia ya mbolea. Mama zetu waliotengeneza sabuni kwa maji ya majivu walilijua hilo bila maabara: maji yale yanayoteleza mkononi na kuuma ngozi ni potasiamu hiyo hiyo. Unachopoteza kwa kuchoma ni naitrojeni na mboji yote, vinapanda na moshi. Kwa hiyo shamba likiwa karibu na mashine, usichome. Likiwa mbali au njia ikiwa na mashaka, kausha, choma, ubebe.

Majivu yana masharti yake. Yaweke chini ya paa, ndani ya mfuko usiopitisha maji, siku hiyo hiyo yalipopoa. Mvua moja ikiyapiga, potasiamu imekwenda na umebaki na vumbi. Usiyachanganye na samadi wala urea katika ndoo moja, kwa sababu yataifukuza naitrojeni hewani, na utainusa ikitoka. Mti mkubwa upe kilo 2 kwa mwaka, zikiwa zimenyunyizwa kwa upana juu ya udongo wenye unyevu. Mche mchanga upe konzi chache, mbali na shina. Na tena, yakizidi yanaleta tatizo la upande wa pili: potasiamu nyingi huuzuia mchikichi kupata magnesiamu. Ukianza kuona yale makuti ya chungwa yenye kivuli cha kijani baada ya miaka ya majivu, pumzisha majivu.

Maji meusi ya mashine yana potasiamu na magnesiamu pia, na kuyatia kijitoni ni kuharibu mara mbili, maana samaki wanakosa hewa na jirani wa chini anakosa maji. Chimba mifereji mifupi kati ya mistari ya miti iliyo jirani na mashine, yaache yapoe kabisa, yamwage kidogo kidogo kwa kuzungusha, leo mfereji huu, wiki ijayo ule. Ukiona gamba la mafuta limeziba uso wa udongo, umezidisha. Mwenye mashine asiyekuwa na shamba anaweza kuwaachia wakulima mabaki hayo. Na ninyi wakulima mnaokamua kwake, wekeni jambo hili kwenye mapatano tangu siku mnapoafikiana bei ya kukamua. Ulileta mikungu kumi, una haki ya kurudi na vikonyo vyake. Baiskeli iliyoleta mzigo mara nyingi inarudi tupu, basi isirudi tupu.

Makuti unayoyakata usiyachome na usiyatupe mpakani. Yapange mstari mmoja kati ya safu za miti, na kama shamba ni la mteremko, yalaze kukatiza mteremko ili yashike maji na udongo. Miaka mitano baadaye chini ya mstari huo utaona udongo mweusi usioufahamu. Hapo ndipo mahali pazuri pa kumwagia mbolea ya dukani siku ukiwa nayo, kuliko kwenye duara lililokanyagwa likawa gumu.

Kwa naitrojeni, panda kunde. Pueraria inatambaa na kufunika ardhi chini ya michikichi michanga. Mucuna inafanya kazi hiyo kwa msimu mmoja na mbegu zake ni rahisi kuzalisha. Zote mbili zinapenda kupanda juu ya miche, hivyo zungukia kila wiki chache uzikate zisinyonge. Alizeti pori, lile ua la manjano lililojaa kando ya barabara hadi Butembo, majani yake yana naitrojeni na potasiamu nyingi: kata kabla halijatoa mbegu, ujaze kwenye shimo wiki kadhaa kabla ya kupanda mche. Samadi ya mbuzi, kuku, nguruwe na simbilisi iwe kwanza ya mashimo ya miche. Kilo 10 za samadi iliyoiva shimoni zinafanya kazi zaidi kuliko kilo hizo hizo zilizotupwa juu ya mti wa miaka 20. Na wenye kakao, ambao Beni ni wengi, maganda ya kakao yana potasiamu ya kutosha kushindana na mkungu. Lakini kakao nayo ina njaa yake, tena maganda mabichi yanabeba ugonjwa wa kuoza. Yaozeshe kwenye shimo lililofunikwa, uyageuze, kisha gawa kwa haki kati ya kakao na mchikichi.

Kuhusu chokaa, naulizwa mara nyingi, na jibu langu huwavunja moyo wauzaji. Mchikichi unavumilia udongo mchungu, yaani wenye asidi. Kwa mti wenyewe chokaa si dawa ya kwanza, na ikizidi inazuia boroni na potasiamu. Maharage na karanga unazopanda katikati ya miti michanga ndizo zinazoteseka na uchungu wa udongo, na ukiziwekea chokaa ya kilimo iliyosagwa, ya dolomiti ikipatikana, mti utapata magnesiamu na kalisi kama mgeni aliyekuta chakula mezani. Usitumie chokaa ya kupaka nyumba. Ni kali na utaunguza mizizi. Pima kwanza. Kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kiko Butembo, na mahali kama hapo ndipo pa kuuliza namna ya kupimisha. Chimba sehemu 15 hadi 20 kwa kupita zigizaga, sentimita 20 kwenda chini, changanya kwenye ndoo safi, toa kilo moja. Udongo wa ndani ya duara na ule wa kati ya mistari usiuchanganye, maana ni udongo wa mashamba mawili tofauti.

Ukiwa na pesa kidogo ya mbolea ya dukani, inunulie potasiamu kabla ya naitrojeni. Naitrojeni unaweza kuikopa hewani kwa kutumia kunde. Potasiamu haiko hewani. Kilo moja ya kloridi ya potasiamu kwa mti mkubwa kwa mwaka, ikigawanywa mara mbili, mwanzo wa mvua za msimu A na mwanzo wa msimu B, ni mwanzo mzuri kwa shamba lenye madoa ya chungwa. Boroni ni gramu 50 hadi 100 za boraksi kwa mti, mara moja kwa mwaka, na usizidishe, kwani ikizidi kidogo tu ni sumu. Na mbolea yoyote ya dukani usiimwage siku wingu limetanda jeusi.

Kuna jambo la mapatano ambalo linaharibu mashamba mengi bila mtu kulisema. Mwenye michikichi anamkodishia mtu nafasi ya katikati kwa msimu mmoja, mara nyingi ndugu aliyekimbia kijiji chake. Mpangaji analima maharage, anang'oa na mashina, anachoma takataka, anaondoka. Simlaumu, ana msimu mmoja wa kulisha watoto, kwa nini aitunze ardhi ya mwaka wa tano? Mwenye shamba ndiye wa kubadilisha masharti. Mpunguzie kodi, au umpe misimu mitatu badala ya mmoja, kwa sharti kwamba mashina ya maharage na mahindi yanabaki chini, hakuna moto, na duara la kila mti linabaki limepaliliwa. Utakuwa umelipia palizi na mbolea kwa bei ndogo, naye atakuwa na uhakika wa chakula. Yaandikeni mbele ya shahidi.

La mwisho ni subira, na hapa wengi hukata tamaa. Mchikichi huamua muda mrefu kabla ya kuvuna kama ua litakuwa la kike, litakalozaa mkungu, au la kiume. Mkungu unaoukata leo ulianza kutengenezwa zaidi ya miaka 2 iliyopita, ndani ya moyo wa mti, wakati hujaona kitu. Ukitandaza mikungu Septemba hii, majani yatakuwa kijani zaidi baada ya miezi kadhaa, na mwaka wa kwanza unaweza kusema hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana nakuomba uweke daftari. Chagua miti 10 uitie rangi nyeupe shinani, ipe kila ulichonacho. Chagua mingine 10 inayofanana nayo kwa umri na mahali, itie nyekundu, uiache kama ulivyozoea. Kila ukivuna, andika tarehe, idadi ya mikungu na uzito wake, mti kwa mti. Mwenye mashine anayo mizani. Mikungu ya mwaka wa kwanza na wa pili iandike tu. Ya mwaka wa tatu ndiyo utakayoijumlisha, nyeupe upande mmoja na nyekundu upande wa pili, kabla hujaamua mwaka wa nne utabeba nini kutoka nyuma ya mashine.